Saa Moja ya Bure

Jogoo wa mama alikuwa chini ya tenga. Juu ya tenga blanketi, juu ya blanketi amekaa mdogo wangu wa kike. Hivyo ndivyo tulivyojiandaa nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, Jumatatu ya tarehe 28 Oktoba 2024, siku ya usaili wangu wa video na kampuni moja ya London inayotafuta watafsiri.

Barua pepe ilisema 10:00, kwa saa za kwao. Mama alipoisoma akasema, "Saa kumi jioni, basi utakuwa umeshakula." Nikamwelewesha kama mwalimu wa zamu: wenzetu wanaanza kuhesabu saa sita usiku, sisi tunaanza kunapokucha, kwa hiyo kumi yao ni saa nne yetu ya asubuhi. Tena London iko nyuma yetu kwa saa mbili. Nilihakikisha mwenyewe mwezi wa nane nilipompigia binamu yangu anayeishi huko. Nne jumlisha mbili, saa sita kamili mchana.

"Ndaga, mwanangu," mama akanishukuru kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusomeshwa.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu kuna mashine ya kusaga, na ikinguruma hata vikombe kabatini vinacheza. Nikamwendea mzee wa mashine, nikampa shikamoo ya heshima zote, tukapatana elfu tano azime kuanzia saa sita hadi saa saba. Kina mama waliokuwa foleni na ndoo zao za mahindi walinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayepandisha bei ya mbolea. Koti nikaazima kwa shemeji, kwa sharti moja: saa saba analifuata, ana kikao cha mahari Mwanjelwa. Na koti lilikuwa muhimu kuliko hata mashine, maana shati langu jeupe la pekee lilikuwa na alama ya pasi ya mkaa begani, ya kahawia, na ncha yake kabisa, kama mtumbwi mdogo.

Saa sita kasoro dakika moja, kimya. Tangu nizaliwe Uyole sijapata kusikia kimya kile. Nikabonyeza kiungo. Kioo kikaandika: subiri mwenyeji akufungulie.

Nikasubiri huku nimetabasamu, maana hujui atafungua lini akukute umenuna. Dakika ya kumi mashavu yakaanza kutetemeka. Ya ishirini, tenga likaanza kutembea sebuleni na mdogo wangu juu yake. Ya arobaini nikapandwa na uzalendo, nikawaandikia: "Sisi Watanzania tunaheshimu muda."

Jibu likaja upesi, la adabu mno. Usaili ni saa 10:00, sasa hivi huku ni 9:45.

Hapo ndipo nilipoikumbuka meseji ya binamu ya Jumamosi jioni: "Leo usiku tunapewa saa moja ya bure." Mimi nilidhani ni ofa ya mtandao wa simu. Nilimjibu, "Basi nipigie."

Nikampigia mimi. Akacheka kwanza, kwa salio langu, ndipo akaeleza. Uingereza kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ikifika saa nane usiku, wanarudisha mshale saa saba. Jumapili ya mwisho ya Machi wanausogeza mbele tena. Walianza mwaka 1916, katikati ya vita, ili watumie mwanga wa jua na kubana makaa ya mawe. Kwao Juni jua linazama saa tatu usiku, Desemba saa kumi jioni giza linaingia. Kwa hiyo tangu jana yake tulikuwa tumepishana saa tatu, si mbili. Huku kwetu mchana mrefu kuliko yote unauzidi mfupi kwa saa moja hivi. Nani ahangaike na mishale?

Mama alikuwa anasikiliza. "Na jogoo wao naye wanamrudisha nyuma?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Saa saba kamili shemeji alikuwa mlangoni, mkono ameunyoosha. Mashine ikanguruma. Mdogo wangu akanyanyuka, akasema zamu yake imeisha. Na kioo nacho kikafunguka.

Upande wa pili walikuwa watu watatu, mmoja wao mama Mkenya. Jogoo, aliyekuwa na saa nzima ya kufidia, akaruka juu ya meza na kuwika mara nne.

"Hiyo ni posho mill?" yule mama akauliza kwa sauti ya juu.

"Naam!"

"Na hiyo begani ni nembo?"

Hatukusikilizana zaidi ya hapo. Wakaniandikia turudie Alhamisi, 10:00 ileile.

Jumanne nikarudi kwa mzee wa mashine. Akaniambia safari hii ni elfu kumi. "Na uje na saa ya Mungu, siyo ya London."