Seti ya tatu ya wanawake wawili wawili: ikatwe au iachwe?

Kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe, wanaocheza dhumna wawili kwa wawili wanajua kwamba mwenzako hakwambii alichokishika mkononi. Unakisoma kwa kete anayoiteremsha na kwa ile anayoikosa, na kusoma huko kunataka muda. Mchezo huo hunijia akilini kila ninapoitafakari hoja moja ya tenisi ya wanawake wawili wawili: timu zikishagawana seti mbili za mwanzo, ichezwe seti ya tatu kamili, ya kutafuta gemu sita, kama inavyofanyika katika mashindano makuu manne ya Grand Slam, au ushindi upewe timu inayotangulia kufika pointi 10 kwa tofauti ya pointi 2, kama ilivyo kwenye mashindano ya kawaida ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake?

Wanaotetea ufupi hawasemi ovyo. Ratiba hubana, mvua hunyesha, na mchezaji anayeshiriki pia mchezo wa mmoja mmoja huhofia kumaliza nguvu zake. Jasmine Paolini wa Italia alifika fainali ya mmoja mmoja katika Grand Slam mbili, Roland Garros ya mjini Paris na Wimbledon, mwaka 2024, na mwaka huohuo, akiwa na Sara Errani, akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye viwanja hivyo vya Paris kwa 2-6, 6-1, 10-7. Hata sisi wa Afrika Mashariki tuna deni kwa ufupi huo: mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walipoteza seti ya kwanza katika fainali ya wasichana Wimbledon, ambako vijana walicheza kwa ufupi huo, wakashinda ya pili, kisha wakabeba taji kwa 11-9. Furaha ile siwezi kuikana.

Lakini tuihesabu ile 10-7 ya Paris. Ni pointi 17, na kwa kuwa wachezaji wote wanne hupokezana kuanzisha mpira, mmoja wao alianzisha mara tano na watatu waliobaki mara nne nne tu. Mkono ukitetemeka mara mbili, kazi ya saa nzima imekwenda. Katika seti kamili, timu iliyozidiwa hupata nafasi ya kubadili mahali pa kusimama, ya kumsogeza mmoja karibu na wavu, ya kushauriana wakati wa kubadilisha upande na kujaribu tena, na hapo ndipo ushirika wa watu wawili unapoonekana kuwa ni kitu zaidi ya wachezaji wawili hodari waliowekwa pamoja. Errani na Paolini waliliweka wazi jambo hilo kwenye viwanja vilevile vya Roland Garros mwaka 2025: waliposhinda fainali kwa 6-4, 2-6, 6-1, baada ya kuzidiwa vibaya katika seti ya pili, walipata gemu saba za kuurudisha mchezo mikononi mwao, na hakuna aliyeweza kusema kwamba bahati ndiyo iliyowabeba.

Kwa hiyo naona Grand Slam zisiiguse seti ya tatu. Mashindano ya kawaida yaendelee na ufupi katika raundi za mwanzo, ambako hoja ya ratiba ina uzito, lakini fainali ipewe seti kamili, kwani siku hiyo zimebaki timu mbili tu na hakuna mechi nyingine ya wawili wawili inayosubiri uwanja.