Kikwazo ni kumbukumbu, si umbali
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba kijana wa Tanzania hawezi kujifunza kuandika programu za kompyuta za kwantamu (zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana) mpaka mashine zenyewe zifike nchini, dai ambalo mimi, ninayefundisha lugha ya programu ya Python jioni hapa Mbeya, silikubali. Qiskit ya IBM, iliyotolewa mwaka 2017, na Cirq ya Google ni maktaba za Python (mikusanyo ya msimbo ulio tayari kutumika) zisizolipiwa, zenye viigizi, yaani programu zinazoiga kompyuta ya kwantamu, vinavyofanya kazi kwenye kompyuta mpakato hata bila intaneti (na huku kwetu mtandao hupotea mvua ikianza). Kikomo halisi ni kumbukumbu ya kompyuta (RAM), kwa kuwa kila kyubiti, yaani kipande cha msingi cha taarifa katika kompyuta ya kwantamu, inayoongezwa huhitaji maradufu ya ile ya awali, hata kuiga kyubiti 30 kikamilifu kukadai takriban gigabaiti 16. Je, kuna msomaji wa Iringa au Njombe aliyewahi kutuma programu yake kwenye mashine halisi ya kwantamu kupitia intaneti, na alisubiri foleni kwa muda gani?