Walimu wana vishikwambi, sasa wapeni Kilwa na Kizaramo

Baada ya sensa ya 2022, vishikwambi walivyotumia makarani viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Ulikuwa uamuzi mzuri na mpaka leo naupongeza. Swali lililobaki ni dogo kulitamka na kubwa kulijibu: mwalimu wa historia pale Temeke akishakiwasha, afungue nini?

Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo vitabu vya kiada, na kwa shule ambayo kitabu kimoja kinagombewa na dawati zima huo ni msaada wa kweli. Ila kitabu kilichowekwa kwenye kioo kinasomwa vilevile, kimya, ukurasa baada ya ukurasa. Tangu mtaala mpya uanze 2024 tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Somo hilo linadai vitu vya kuonwa na kusikika.

Chukua Kilwa Kisiwani. Tangu 1981 magofu yake na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2020 Google na shirika la CyArk walionyesha Kilwa mtandaoni kwa picha za pande tatu, pamoja na maeneo mengine ya dunia yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini lililowasukuma lilikuwa bahari inayokula kuta. Mwanafunzi wa Mbagala, anayeishi kandokando ya Barabara ya Kilwa yenyewe, ana maswali ya kwake: nani walijenga Msikiti Mkuu, dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipitaje pale, kwa nini masultani walifua sarafu zao wenyewe, na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika mwaka 1331 alikuta mji wa namna gani. Maswali hayo hayatajibiwa na mtu aliyekuwa akizungumza na walimwengu wote. Tunapaswa kuyajibu sisi, kwa Kiswahili, kwa kiwango cha kidato cha kwanza.

Ndivyo ilivyo kwenye lugha pia. Duolingo, programu ya kujifunzia lugha, ina somo la Kiswahili tangu 2017, na limetungwa kwa anayejua Kiingereza. Simlaumu aliyelitunga, alijua anamfundisha nani. Sisi ndio bado hatujaamua tunamfundisha nani.

Na uwezo upo, tumeuona Tanga. Kati ya 2017 na 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa ule walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa la XPRIZE. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga darasani. Vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu hivi. Zawadi ya dola milioni 10 waligawana washindi wawili, onebillion na Kitkit School, na programu zote zilizofika fainali ziliachwa wazi ili yeyote azitumie. Siamini watoto wale wangefika mbali hivyo kama kile kifaa kingewasemesha Kiingereza. Kiliwasemesha lugha wanayoisikia nyumbani au gulioni, wakakielewa.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi. Jiji hili la Dar es Salaam limekaa juu ya ardhi ya Wazaramo, lakini mtoto aliyezaliwa Chanika au Kibada anaweza kumaliza shule bila kuijua sentensi moja ya Kizaramo. Tanzania ina lugha zaidi ya 120 na shuleni hazifundishwi. Kwa hali hiyo hakuna kampuni itakayotengeneza programu ya Kizaramo, kwa kuwa hakuna soko. Basi tusingoje kampuni. Simu ya mkononi inarekodi sauti. Mwanafunzi na bibi yake, jioni, wanaweza kuanza na majina ya samaki, ya miti, ya vyombo vya jikoni, kisha hadithi, kisha maneno yanayoimbwa mdundiko, ngoma ya Wazaramo, unapopita. Mwalimu akikusanya rekodi za darasa lake ana somo ambalo hakuna kitabu kinalo.

Hapa kuna mpaka, na naomba uheshimiwe. Mafundisho ya unyago si ya kila sikio. Anayerekodi amuulize kwanza mwenye mila, na kungwi akisema hili haliendi kwenye simu, lisiende. Kuhifadhi utamaduni kwa kuvunja miiko yake ni kuubomoa.

Najua nitaambiwa bando ni ghali na wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Yote kweli. Lakini rekodi ya sauti haihitaji intaneti: inakaa kwenye memori kadi, inachezwa kwenye spika ndogo, darasa la watoto themanini linasikia. Sauti ndiyo njia yetu nyepesi kuliko zote, na hata nchi hii ilijifunza mengi kwa redio.

Tukitaja redio, utangazaji ulianza hapa 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na kuanzia 1965 ukawa Redio Tanzania. Kanda za enzi hizo ziko TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania: ngoma za mikoa, bendi za dansi, hotuba, malenga wakighani mashairi yao. Ombi langu kwa TBC na Taasisi ya Elimu ni moja. Ketini pamoja, chagueni kanda zinazolingana na mada za mtaala, zikateni vipande vya dakika tano, muandike chini ya kila kipande nani anasikika, wapi na mwaka gani, kisha ziwekeni kwenye Maktaba Mtandao mwalimu azipakue bure. Anzeni na kidato cha kwanza, muhula ujao.