Mahamri, Mbaazi na Gololi

Ami yangu ana bunduki ya upepo aliyoinunua Ujerumani zamani za ubaharia wake. Ukimtembelea nyumbani Mji wa Kale, utaonyeshwa bunduki kabla ya kuonyeshwa kiti. Ni Diana 27, ya mtutu wa kukunja, imetengenezwa Rastatt. Juu ya silinda pana nembo ya mwanamke wa mawindo anayetupa upinde na kuinua bunduki, na kila mgeni huelezwa kuwa mwanamke huyo ana akili kutushinda sote. Baada ya bunduki kinafuata cheti, maana kwa sheria ya Kenya hata bunduki ya upepo ni silaha. Cheti hicho kimetiwa ndani ya bahasha ya plastiki, bahasha ndani ya mkoba, mkoba ndani ya kabati. Cheti cha ndoa sijawahi kukiona, na nadhani hata mke wa ami hajakiona.

Ukikunja mtutu, pistoni inarudi nyuma na springi inabanwa mpaka triga iishike. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa iliyomo kwenye silinda inabanwa ghafla, na hewa hiyo ndiyo inayoitoa risasi. Mbele ya pistoni pana wosha ya ngozi, na ngozi lazima inywe mafuta. Ya ami ilikuwa imekauka kwa miaka ya joto la Mombasa. Risasi zikawa zatoka kwa uvivu, unaweza kuifuata moja kwa macho mpaka inapotua. Jioni moja alilenga boksi la kadibodi. Risasi ikaligonga, ikarudi, ikaingia kwenye kikombe chake cha kahawa. Ndipo nikaitwa.

Mimi ni fundi wa tuktuk, Majengo. Kwa ami hiyo si kazi ya kujivunia, lakini ni bure.

Nilifika na sanduku la spana na klampu ndefu ya seremala. Klampu ilikuwa ya maana sana. Kwenye bunduki hizi springi hukaa imebanwa hata kama mtutu haujakunjwa. Kinachoizuia isitoke kwa nyuma ni kipande kilichobeba triga, na kipande chenyewe kinashikwa na pini mbili tu. Unaibana bunduki yote kwenye klampu, unazigonga pini zitoke, kisha unalegeza polepole mpaka springi itulie. Nilimweleza ami hayo yote, naye akitikisa kichwa kwa heshima kubwa.

Nikainama kufungua klampu iliyokuwa imeganda kwa kutu. Nilipoinua kichwa, ami ameshatoa pini ya kwanza kwa msumari na mchi wa kinu, na mchi uko juu kwa ajili ya pini ya pili.

"Ami, ngoja!"

"Mimi nishashuka Hamburg wewe hujazawa," akasema, akapiga.

Kipande cha triga kiligonga saa ya ukutani, ikasimama saa nne na dakika kumi. Springi ilimpita ami sikioni, na grisi yake nyeusi ya tangu Ujerumani, ikatoka dirishani. Tukabaki tunatazamana. Halafu kutoka chini tukasikia: chubwi!

Chini ya dirisha la ami hukaa mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi. Asubuhi ile wateja walikuwa wamejaa mabenchi yote mawili. Nikachungulia. Mama alikuwa ameishika springi kwa ncha ya upawa, tui likichuruzika, anaitazama kwa utulivu wa mtu anayechagua maneno.

"Nani," akauliza, "alonitilia kitanda kwenye mbaazi?"

Ami akajitenga na dirisha, akaniambia, "Shuka, wewe ndiye kijana."

Lakini kulikuwa na jambo kubwa zaidi ya springi. Triga ya Diana 27 haishiki pistoni kwa jino kama bunduki nyingi. Inashika kwa gololi tatu ndogo za chuma, zinazokaa kwenye vitundu vyake. Pasipo zote tatu huna bunduki, una bomba. Gololi moja tuliikuta chini ya kitanda. Ya pili ilikuwa ndani ya kiatu cha ami. Ya tatu tuliitafuta mpaka nyuma ya kabati, tukakuta vitu vya kutosha kufungua duka, gololi hakuna. Ami akatazama dirisha. Mimi nikatazama dirisha.

Katika sanduku langu nina sumaku ya kijiti, ya kuokotea nati zilizodondoka ndani ya injini. Nilishuka nayo nimeificha kwenye mkono wa shati, nikiwa na nia ya kuomba radhi kwanza. Mama hakunipa nafasi.

"Hicho nini?"

"Sumaku, mama. Pana gololi kidogo huenda..."

"Gololi? Kwenye mbaazi zangu? Tia hicho kijiti, tena mbele ya watu, waone hamna kitu."

Nikaiosha kwa maji ya moto, nikaitia. Wateja wakasimama na sahani zao. Nikazungusha, nikaitoa: pini ya nywele. Mama akasema pini hiyo si yake. Nikatia tena: kifuniko cha soda. Mtu wa nyuma akaweka hamri lake kwenye sahani polepole. Mara ya tatu ikatoka shilingi moja, na kijana mmoja akadai ni yake, alirudishiwa chenji pungufu wiki iliyopita. Gololi haikutoka. Mama akawa ananitazama mimi, si sumaku, na naapa upawa ulikuwa unapanda.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja nahodha, aliyekuwa peke yake pembeni akiendelea kula, kwa kuwa hakutaka mambo ya watu. Tulisikia kwa!, kama mtu amevunja ganda la kaa. Mzee akaacha kutafuna. Akafikiri. Akasema kwa adabu zote, "Mama, leo mbaazi moja haijaiva."

Gololi ikatua kwenye kiganja chake, pamoja na nusu ya jino. Ami, aliyekuwa akifuatilia yote kutoka juu, akapiga kelele kwa furaha: "Hiyo hiyo! Usiitupe!" Hakuna aliyemuuliza mzee habari za jino, ila mama. Hesabu ikafanywa palepale. Sufuria nzima ya mbaazi, mahamri ya waliopoteza hamu, na jino, ambalo nahodha alisisitiza lilikuwa la mwisho upande wa kutafunia. Ami alilipa kwa kuteremsha noti ndani ya kikapu kwa kamba, moja moja, na kila moja akiiaga.

Kuirudisha bunduki hakukuwa na taabu. Springi niliiosha kwa mafuta ya taa mpaka harufu ya nazi ikapungua. Gololi unazigandisha kwa grisi nzito zisidondoke, unaingiza kila kitu kwenye silinda, unabana kwa klampu, pini zinaingia zenyewe. Ami nilimpa kazi ya kushika tochi, na mchi nikaukalia. Ikabaki ile ngozi ya pistoni. Nilimwambia matone machache tu, tena mafuta yake maalumu ambayo ningeyatafuta mjini, kisha tuilaze usiku mzima inywe. Nikaenda kuswali Alasiri.

Niliporudi nikakuta kikombe kitupu mezani na ami anapangusa midomo ya silinda kwa kanga. Amemtuma mtoto chini akaletewa mafuta ya nazi, akaitilia bunduki kikombe kizima. Nimefungua injini za dizeli, najua habari za mafuta na hewa iliyobanwa. Hewa ikibanwa ghafla inapata moto, na mafuta yakiwapo yanawaka bila plagi. Nikafungua mdomo kumwambia. Ami ameshakunja, ameshatia risasi, ameshalenga boksi alilolijaza magazeti.

Bunduki ambayo kwa kawaida husema "tap" ilisema neno jingine kabisa. Moshi mweupe ukatoka mtutuni, ukajaza chumba, ukatoka dirishani kwa mpango. Kunguru wote wa Kibokoni waliruka kwa pamoja wakitukana. Chini benchi moja lilianguka, watalii waliokuwa wakielekea Fort Jesus walilala kifudifudi juu ya mawe, na paka akapita juu yao na hamri. Risasi ilikuwa imepenya boksi, imepenya magazeti, ikazama kwenye fremu ya mlango wa choo, ambapo ipo hata sasa. Chumba kizima kilinuka kaimati.

"Umeona nguvu hiyo?" ami akauliza. Nyusi moja hakuwa nayo.

Tukasikia ndara zikipanda ngazi, pole pole, bila wasiwasi. Mama wa mbaazi akatokea mlangoni na sumaku yangu mkononi, maana asubuhi sikuthubutu kuiomba.

"Sasa mwatafutani tena?"

Ami akajikusanya, akafungua kabati, akatoa mkoba, akatoa bahasha, akamnyooshea cheti kwa mikono miwili. Mama hakukitazama. Aliinua pua, akanusa upande huu, akanusa upande ule, akainama akanusa mtutu.

"Na hayo mafuta uliyochukua kwa deni," akasema, "n'kuandike kwa kikombe au kwa mlio?"