Kofia moja kwa baiskeli na sketibodi, inatosha?

Kijana anayekwenda shule kwa baiskeli asubuhi na kupanda sketibodi jioni anahitaji kofia ngumu moja au mbili? Hata wanaoandika viwango hawajakubaliana. Ulaya ina kiwango kimoja, EN 1078, kinachowahusu waendesha baiskeli, wa sketibodi na wa viatu vya magurudumu kwa pamoja. Marekani imewatenganisha. Kila kofia ya baiskeli iliyotengenezwa tangu Machi 1999 kwa soko la huko lazima kisheria itimize kiwango cha CPSC, tume ya usalama wa bidhaa. Ya sketibodi ina kiwango chake, ASTM F1492, na hicho ni cha hiari.

Jibu linaanzia ndani ya kofia. Ganda la nje husaidia, lakini kazi kubwa hufanywa na povu. Kofia nyingi za baiskeli zina povu gumu, jamii ya lile jeupe linalofungashiwa televisheni, nene kiasi cha sentimita mbili na ushei. Kichwa kikigonga lami, povu hilo hubonyea na kusagika, na kule kusagika ndiko kunakokipa kichwa nafasi ya kusimama taratibu. Hesabu yake ni nyepesi: kichwa kikisimama ndani ya sentimita 2 badala ya milimita 2, nguvu ya wastani inayokipata inapungua mara kumi. Tatizo ni kwamba povu lililosagika halirudi. Mahali palipogongwa sana pamekwisha kazi.

Kofia ya sketibodi ya mtindo wa zamani ni kitu kingine kabisa. Ina umbo la bakuli, ganda nene la plastiki, inashuka chini kisogoni, na ndani ina povu laini linalobonyea na kurudi. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanguka mara ishirini katika jioni moja, mara nyingi chali, ubao ukiwa umemtoka miguuni. Ndiyo maana kipimo cha F1492 hugonga mahali palepale zaidi ya mara moja. Cha CPSC hugonga kila mahali mara moja tu, ila kwa pigo zito zaidi: kofia yenye kichwa bandia huangushwa kutoka mita 2 juu ya chuma bapa, na mshtuko haupaswi kupita mara 300 ya nguvu ya uvutano. EN 1078 huangusha kutoka kama mita 1.5, na kikomo chake ni 250.

Hoja ya Wamarekani ina uzito. Povu moja haliwezi kufanya kazi zote mbili vizuri. Likiwa laini kiasi cha kumeza makofi madogo kila siku, litabonyea hadi mwisho kwenye pigo kubwa, na kilichobaki cha nguvu kitaingia kichwani. Likiwa gumu kwa ajili ya pigo kubwa, pigo dogo halitalibonyeza, na kichwa kitalipokea karibu lote.

Ulaya nayo ina hoja, na ni rahisi kuielewa: ardhi haijui ulikuwa umepanda nini. Kasi ambayo kichwa hugonga nayo chini hutokana hasa na urefu kilikoangukia. Kutoka mita 1.5 ni kama kilomita 19.5 kwa saa. Wengi huisoma namba hiyo wakadhani kofia haina maana ukipita kasi hiyo barabarani. Sivyo. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa akateleza kwenye mchanga bado huanguka kutoka urefu uleule. Hali hubadilika akigonga nguzo au akigongwa na gari, na hapo kofia yoyote ya baiskeli imezidiwa.

Kwa mwenye pesa ya kofia moja, naona Ulaya wako karibu zaidi na ukweli: nunua inayohimili pigo kubwa, kwa sababu hilo ndilo linaloua. Kama unaweza kupata yenye lebo ya CPSC na F1492 kwa pamoja, zipo, hiyo ndiyo bora. Lakini Wamarekani wako sahihi kuhusu kuchakaa, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kofia nyingi za bakuli madukani leo, pamoja na sura yao ya sketibodi, ndani zina povu gumu la pigo moja. Mwenyewe anaona ganda nene halina hata alama, anaendelea kuanguka nayo miezi. Ng'oa vile visponji vya ndani, kwa kawaida vimeshikwa na velkro, mulika tochi, pitisha kidole taratibu. Ufa mwembamba kama unywele, au sehemu iliyobonyea kuliko mwenzake wa upande wa pili, na kofia hiyo ni ya kutupa, hata kama nje inang'aa.

Ukaguzi huo ni wa lazima zaidi kwa mitumba, ambako wengi wetu hununulia. Kofia ya mtumba yenye lebo ya EN 1078 inaweza kuwa nzuri kuliko mpya isiyo na lebo yoyote, lakini historia yake huijui. Tafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye stika ya ndani. CPSC hushauri kubadilisha kati ya miaka 5 na 10. Ganda lenye mawimbi au malengelenge limeshaunguzwa na joto. Lililopakwa rangi ya kupuliza au kusafishwa kwa thina liache, maana kemikali hizo hula povu na kudhoofisha plastiki. Kofia ya ujenzi si mbadala: imetengenezwa kwa vitu vinavyodondoka kutoka juu.

Saizi ipime kwa futi ya fundi cherehani, vidole viwili juu ya nyusi, na pima na nywele zilivyo siku zote. Aliyesuka twende kilioni na mwenye rasta nene hawavai saizi moja. Mtandio mwepesi chini ya kofia hauna shida. Fundo lake likiwa kisogoni, kofia inanyanyuka na kusukumwa mbele. Ikae mlalo, sio kusukumwa nyuma paji la uso likabaki wazi. Kamba zikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu kipite kidole kimoja. Kisha piga mwayo mkubwa: kofia ikivutwa chini kidogo, imekaza inavyotakiwa.

Joto nalo ni hoja, hasa Mombasa au Dar es Salaam. Bakuli lenye matundu machache humchosha mwendesha baiskeli hadi akaitundika kwenye usukani. Kwa safari ndefu za mchana, chukua yenye matundu mengi, hata kama haifuniki kisogo vizuri.

Na mtoto akishuka kwenda kubembea au kupanda mti, mvue kwanza. Kofia inaweza kunasa kwenye uwazi na kamba ikamning'iniza shingo. Ulaya ina kiwango cha pekee kwa watoto wadogo, EN 1080, ambacho kifungo chake huachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Kofia ya kawaida ya baiskeli haiachii.