Kioo Kisichofunguka

Hebu niambieni, ndugu zangu, nani kati yenu aliwahi kuchungulia nje kupitia kile kioo cha ubavuni, kule nyuma kabisa kwenye gari la Toyota Noah? Hakishuki, hakipandi, na tinti na mabegi vimeshakiziba. Kazi yake moja tu duniani: kukaa. Na kukaa kwenyewe kumekishinda!

Kijana alikuwa anafyeka majani kando ya barabara kwa ile mashine ya kuvaa begani. Kokoto ikaruka. Ingegonga kioo cha mbele, kile kina tabaka mbili na plastiki katikati, ningepata ufa, nikatembea nao mwaka mzima huku nasema mwisho wa mwezi nabadilisha. Lakini cha ubavuni kimepikwa kwa moto mkali kikapozwa ghafla. Hicho hakijui kuvunjika kidogo. Pwaa! Chenga mpaka kwenye mfuko wa vitunguu. Nimefagia weee, na bado kila nikikata kona nazisikia zinatembea ndani ya bodi.

Nikashuka Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya spea. Muuzaji akaniuliza, Noah ipi? Nyeupe, nikamjibu. "Mzee, Noah zote nyeupe. Toleo gani, SR40 au AZR60?" Nikatoa kadi ya gari, tukasoma. AZR60. Haya, kulia au kushoto? Kulia. "Kulia kwa dereva, au kulia kwako ukisimama mbele ya gari?" Hapo nilitaka kurudi nyumbani nikabandike nailoni. Tukaelewana, akaingia stoo, akatoka na cha kushoto.

"Hiki ukikigeuza kinaingia tu, mzee wangu."

Kioo kimebinuka jamani! Nikikigeuza, tumbo linaingia ndani, abiria akae wapi?

Cha kulia kilipopatikana, ile bei nilidhani na mlango umo. "Hicho ni mtumba wa Japani, mzee, kimeshuka bandarini juzi." Nikalipa.

Fundi naye akaja na silikoni ya sinki la bafuni. Nikamwambia kaka, hiki kioo hakina fremu, kinashikwa na gundi peke yake, lete ile nyeusi. "Zote zinashika, mzee." Nyeusi nikainunua mwenyewe. Akakwangua gundi ya zamani kwa kisu, akapaka, akabandika, akapiga seloteipu msalaba, kisha akaanza masharti: usioshe gari leo, acha kioo cha dereva wazi kidogo, na milango usiibamize, hewa ikikosa pa kutokea itakisukuma kioo nje.

Nani aliwahi kufunga mlango wa Noah polepole? Jioni nzima nimekuwa konda wa gari langu mwenyewe. "Shemeji, acha nifunge mimi! Bibi, usiguse hapo!"

Seloteipu ilipobanduliwa ndipo nikaona maandishi pembeni ya kioo, yamechorwa kwa mashine. Namba ya gari. Inaanza na T, kama za hapa Tanzania. Yaani Japani nao siku hizi wanasajili gari kwa T?

Kesho yake trafiki kanisimamisha. Kasoma namba ya mbele, kazunguka, kasoma ya nyuma, kainama kwenye kile kioo, kikamkalisha hapo dakika nzima.

"Mzee, hili gari la nani?"

"Langu, afande. Kioo ndiyo cha watu."

Akaniambia nizime gari kwanza.