Kabla Kompyuta Haijawashwa: Hesabu ya Mkono kwa Wanafunzi wa Ubunifu wa Majengo

Mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu, unaogharamiwa tangu mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umevifanya vyuo vikuu vya umma vya Tanzania vipitie upya mitaala yao. Kwenye idara zinazofundisha majengo, mapitio ya aina hii hufufua ubishi wa siku nyingi: mwanafunzi anayejifunza kubuni jengo na kuchanganua nguvu zilizomo aanze na kalamu na karatasi, au aanze na programu ya kompyuta? Wanaotaka programu itangulie wanaeleweka upesi, kwa sababu wanazungumzia ajira. Wanaotetea hesabu ya mkono huonekana wazee wanaotaka vijana wateseke kama walivyoteseka wao. Hawatendewi haki, na hoja yao haisikilizwi hadi mwisho.

Upande wa programu una uzito wake. Ofisi za Nairobi na Dar es Salaam zinamtaka mtu anayeweza kukaa mbele ya Revit, ETABS au Prota, programu za kuchora na kuchanganua majengo, na kutoa michoro wiki hiyo hiyo. Kenya imekuwa ikihama kutoka viwango vya Uingereza kwenda Eurocode, viwango vya Ulaya, yenye michanganyiko ya mizigo mingi kiasi kwamba kuipitia yote kwa kalamu ni kupoteza siku. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitukumbusha kwamba ardhi yetu nayo hutikisika, na hakuna mtu wa leo atakayechanganua kwa mkono namna jengo refu lenye umbo la ajabu linavyoyumba. Hata paa za Sydney Opera House zisingesimama bila kompyuta ambazo wahandisi wa kampuni ya Arup walianza kuzitumia wakati huo zikiwa bado mitambo ya kujaza chumba.

Wana hoja nyingine ambayo watetezi wa kalamu hawapendi kuisikia. Hesabu ya mkono nayo inaweza kuwa upofu. Mwaka 1930 Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, alichapisha njia yake ya kugawa momenti, yaani nguvu za kupinda, kwenye fremu ya bimu na nguzo, na vizazi vya wanafunzi duniani kote vikaikariri. Wengi walijaza majedwali mzunguko baada ya mzunguko, wakapata alama zao, bila kujua bimu waliyokuwa wakiishughulikia itapinda kuelekea wapi. Kama hicho ndicho kinacholiliwa, basi kiende. Kijana anayesukuma bimu kwenye kioo cha kompyuta na kuiona ikipinda hapo hapo amejifunza zaidi ya yule wa majedwali.

Lakini kinachotetewa sicho hicho. Kinachotetewa ni uwezo wa kukadiria: kulitazama jengo na kusema, kabla mashine haijasema, nguzo hii inabeba kama tani ngapi, sakafu hii itabonyea kiasi gani, ukuta huu utasukumwa upande upi. Mwenye uwezo huo akipewa programu anakuwa bwana wake. Asiye nao hupokea chochote kitakachotoka, hasa kikitoka na rangi nzuri na desimali nne.

Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, paa la ukumbi wa Hartford Civic Center, jimbo la Connecticut nchini Marekani, lilianguka kwa uzito wa theluji na mvua. Saa chache kabla, watu wapatao 5,000 walikuwa chini yake wakitazama mpira wa kikapu. Lilianguka ukumbi ukiwa mtupu, ndiyo maana hakuna aliyekufa. Paa lile lilikuwa fremu ya vyuma yenye mapana ya mita 91 kwa 110, na lilichanganuliwa kwa kompyuta wakati ambapo hilo bado lilikuwa jambo la kujivunia. Kompyuta iliambiwa kwamba vyuma vya juu vimeshikiliwa katikati visipinde. Kwa jinsi vilivyofungwa, havikushikiliwa vya kutosha. Paa lilipopandishwa, kubonyea kulikopimwa kulikuwa mara mbili ya kule kulikotabiriwa. Wahandisi waliarifiwa. Wakajibu kwamba tofauti kati ya nadharia na hali halisi ni jambo la kutarajiwa.

Mara mbili! Mtu aliyezoea kukadiria angeshtuka. Tofauti ya asilimia kumi au kumi na tano mhandisi huilalia usingizi, kwa sababu zege na chuma havifuati vitabu barabara. Tofauti ya mara mbili maana yake jengo lililosimama si jengo lililochanganuliwa. Kompyuta haikukosea hata hesabu moja; ilijibu kwa usahihi swali la jengo lingine.

Miaka kumi na mitatu baadaye, tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilizama kwenye maji karibu na Stavanger, Norwei, wakati kikijaribiwa. Ukuta mmoja wa ndani ulipasuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipande ambavyo programu ilivigawa ili kuhesabu nguvu vilikuwa vikubwa mno, na nguvu ya mkato, ile inayotaka kuukata ukuta, kwenye ukuta ule ilihesabiwa pungufu kwa asilimia 47. Kilichofuata ndicho ambacho wapenda programu hawakisimulii. Kitako kipya kilitakiwa haraka, na majibu ya kompyuta yalikuwa bado yanatiliwa shaka, kwa hiyo wabunifu walirudi kwenye mbinu za enzi za rula ya kukokotolea, zile walizotumia kwenye majukwaa yao ya kwanza miaka kumi na mitano nyuma. Waliweza kurudi kwa sababu walikuwepo watu waliokuwa bado wanazijua.

Hapa msomi wa upande wa pili atasema: hayo ni ya Marekani na Norwei, kwetu majengo hayaanguki kwa sababu ya programu. Ni kweli, na tusiidanganye hadhira. Jengo la Kisutu, Dar es Salaam, lililoua watu 36 tarehe 29 Machi 2013, lile la Huruma, Nairobi, la Aprili 2016 lililoua watu wapatao 50, na lile la Kariakoo la Novemba 2024 lililoua zaidi ya 20, hayakuanguka kwa sababu mtu alibonyeza kitufe kisicho chake. Maradhi ya majengo yetu yanajulikana: ghorofa zilizoongezwa kupita kibali, zege lenye saruji pungufu, uchimbaji chini ya jengo lenye watu, usimamizi uliopo kwenye karatasi tu. Dawa yake, watasema, ni sheria na ukaguzi, si kalamu ya mwanafunzi.

Nakubali nusu ya kwanza, na hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niikatae nusu ya pili. Chukua jengo la kawaida la mfano, lenye nguzo kila baada ya mita tano. Slabu, yaani sakafu ya zege, ya unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Ongeza vigae, lipu na kuta za kugawa vyumba, ongeza bimu na nguzo zenyewe, unafika kilo 800 hivi. Watu na samani ni kama kilo 200. Jumla ni tani moja kwa mita ya mraba, tarakimu ambayo mwanafunzi hawezi kuisahau. Nguzo ya katikati inabeba mita za mraba 25, yaani tani 25 kila sakafu. Jengo lenye sakafu tano linaishushia nguzo ya chini tani 125.

Viwango vya Uingereza vya BS 8110, vilivyotumika kwetu kwa miongo mingi, vinazidisha uzito wa jengo lenyewe kwa 1.4 na ule wa watu na samani kwa 1.6. Kwa mgao wetu hiyo ni wastani wa 1.44, kwa hiyo nguzo inabuniwa ili ibebe tani 180. Sasa mwenye jengo anakuja saiti na kusema, mambo yamekuwa mazuri, tuongeze sakafu tatu. Nane mara 25 ni 200. Akiba yote ambayo kiwango kiliweka kwa ajili ya mizigo imeliwa, na tani 20 zimezidi juu yake, hata kabla hatujauliza habari za msingi.

Kimebaki nini? Kimebaki kile ambacho kiwango kiliweka kwa ajili ya udhaifu wa zege. Mbunifu anayetaja zege la daraja la 25, namba inayopima nguvu yake, huigawa nguvu hiyo kwa 1.5 katika hesabu, ili likitoka bovu kidogo jengo lisidhurike. Lakini kwenye saiti ambayo ghorofa huongezwa bila kibali, mara nyingi saruji nayo hupunguzwa. Zege la 25 likishuka hadi 15, nguvu yake halisi ni asilimia 90 ya ile iliyotumika kwenye hesabu, na akiba hiyo nayo imekwisha. Akiba iliyobaki kwenye nguzo ni ile ndogo ya nondo peke yake, kama ringi zinazozizunguka zilifungwa sawasawa.

Hesabu yote hiyo inaenea nyuma ya risiti ya duka la vifaa vya ujenzi. Haihitaji umeme wala leseni ya programu. Inahitaji mtu aliyefundishwa mpaka ikawa tabia, na ndiyo maana mahali pake ni mwaka wa kwanza. Tangu mwaka 2003, wahitimu wa uhandisi Tanzania wamekuwa wakipitia SEAP, mpango wa mafunzo ya kazini wa miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ni vijana hawa wanaokuwa saiti mwenye jengo anapofika na wazo lake jipya. Kijana wa programu atasema, "Ngoja nikaangalie modeli ofisini." Kesho yake mafundi wameshapanga mbao. Anayeweza kusema hapo hapo kwamba nguzo ilibuniwa kwa tani 180 na mzee unataka kuiwekea 200, anaweza kupuuzwa, lakini amesema kitu ambacho hata msimamizi wa mafundi anakielewa na anaweza kukirudia mbele ya mkaguzi. Sheria haijisimamii yenyewe. Inasimamiwa na watu wanaoweza kuona kosa kabla zege halijamwagwa.

Na si nguzo tu. Kuchanganua jengo ni pamoja na joto lake, na huko kupotea ni kwepesi zaidi kwa sababu joto haliui mtu mbele ya kamera. Mita moja ya mraba ya kioo kinachotazama magharibi Dar es Salaam inaweza kupigwa alasiri na wati 600 za jua, na kioo cheupe hupitisha sehemu kubwa, tuseme 500. Ukuta wa kioo wa mita za mraba 20 unaingiza kilowati 10 ofisini. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kilowati 3.5. Viyoyozi vitatu, basi, kupigana na ukuta mmoja! Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo siku ya kwanza hachori ukuta huo, ilhali aliyeanzia kwenye programu ataupamba kwanza, kisha ataambiwa na ripoti kwamba unahitaji umeme mwingi, na kufikia hapo mteja ameshaupenda.

Mafundi wa zamani wa pwani walikuwa na hesabu hii mikononi. Vyumba vya nyumba kongwe za Lamu na Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana wake ukiishia karibu mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo ikiwa na sakafu ya mawe na chokaa juu yake. Umbo la chumba lilitoka kwenye nguvu ya mti. Uchanganuzi ulitangulia mchoro, nao ulikuwa kichwani mwa mtu.

Kuna gharama ambayo sina haki ya kuificha. Kusahihisha mtihani wa programu ni kuangalia kama jibu limepatikana. Kusahihisha makadirio ni kusoma fikra za kila mwanafunzi, ukurasa kwa ukurasa. Mhadhiri mwenye darasa la watu 120 na msaidizi mmoja akikataa, simlaumu. Hapo lazima kitu kipunguzwe, na vya kupunguza vipo: majedwali ya Cross zaidi ya mzunguko wa pili, matrisi za kukokotoa kwa kikokotoo, kukariri fomula ambazo zimechapishwa kwenye kiwango. Programu yenyewe ifundishwe tangu mwaka wa pili, bila woga, na kwa zoezi lenye sharti moja: mwanafunzi akabidhi kwanza kadirio lake kwa wino, ndipo afungue kompyuta, kisha aandike aya moja kueleza kwa nini majibu mawili yametofautiana. Anaruhusiwa kukosea kadirio. Alama zitoke kwenye aya ile, na anayeiacha wazi arudie zoezi, hata kama modeli yake imetoka na rangi zote.